Kubadili Beringi za Magurudumu ya Mbele Nyumbani

Motokaa nyingi zinazozeeka katika kaunti za Kitui na Makueni hazifi kwa injini; hufa kwa miguu. Injini ikitiwa mafuta na maji kwa wakati wake yaweza kumzika mwenyewe. Lakini magurudumu ya mbele ndiyo yapokeayo kwanza kila jiwe, kila shimo na kila tone la maji ya mto, na ndani yake mna chombo kidogo ambacho mwenye gari hakioni hata siku moja mpaka siku kilipoharibika. Chombo hicho ni beringi.

Kazi yake ni nyepesi kueleza. Katikati ya gurudumu pana mhimili wa chuma usiozunguka, na juu yake kuna habu inayozunguka pamoja na tairi. Vyuma hivi viwili vikisuguana vitupu, vitashika moto na kulana. Kwa hiyo huwekwa kati yao gololi au vipipa vidogo vya chuma kigumu, ili pasiwe na msuguano bali mbingiriko. Philip Vaughan, mtu wa Carmarthen katika nchi ya Wales, alipata hati ya uvumbuzi wa gololi za namna hiyo mwaka 1794, naye alizikusudia kwa mihimili ya magari ya farasi. Mwaka 1898 Henry Timken wa Marekani alipata hati yake ya vipipa vilivyo vyembamba upande mmoja na vinene upande wa pili. Timken hakuwa mtu wa motokaa. Alikuwa mtengenezaji wa magari ya kukokotwa na wanyama, na shida iliyomsumbua yajulikana na kila mkulima mwenye mkokoteni wa ng'ombe: mzigo haushuki chini tu, bali husukuma ubavuni pia kila gari likatapo kona. Vipipa vyake hubeba mizigo yote miwili kwa pamoja. Pikapu za zamani ambazo bado zapanda vilima vya Mbooni zatembea juu ya vipipa vya namna hiyo hiyo.

Sasa, kwa nini beringi hufa upesi Ukambani? Ni kweli kwamba lami imeenea. Barabara ya Mombasa yapita Sultan Hamud, Emali, Makindu na Kibwezi, na ile itokayo Kibwezi kwenda Kitui kwa njia ya Mutomo imewekwa lami pia. Lakini nyumba za watu haziko juu ya lami. Ziko ndani, ng'ambo ya mito ya mchanga: Kaiti na Thwake upande wa Makueni, Tiva na Thua upande wa Kitui. Mito hii hulala mikavu sehemu kubwa ya mwaka, na gari huvuka kwa kulima mchanga. Mvua za Novemba zikinyesha, maji huteremka ghafula. Dereva afikapo mtoni akiwa ametoka mwendo mrefu, habu zake ni za moto. Aingiapo majini, hewa iliyo ndani ya habu hupoa kwa ghafula na kujikunja, ikavuta maji na matope kupita sili iliyochakaa. Hakuna atakayeona lolote siku hiyo. Lakini grisi imekwisha kuchanganyika na maji, kutu imeanza, na baada ya majuma kadhaa gurudumu litaanza kusema. (Wala si beringi tu zinazopotea mitoni. Mwezi wa Desemba 2021 basi lilizama katika Mto Enziu karibu na Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Mto uliofurika haujaribiwi kwa gari lolote.)

Adui wa pili ni mzigo. Wakati wa maembe gari dogo lililoundwa kwa watu watano hupakiwa mpaka tumbo lakaribia kugusa njia, kisha likapigishwa mbio ili matunda yasiharibike. Beringi haipigi kelele siku ile ile. Huweka deni.

Mfano mzuri wa namna ya kulipa deni hilo ni mwalimu mmoja mstaafu wa upande wa Makueni, mwenye pikapu ya zamani aina ya Toyota Hilux inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Alikuwa akirudi kutoka Kitui, alikokwenda kumtazama dada yake, pamoja na mpwa wake, kijana aliyejipatia riziki kwa kuendesha Probox ya abiria. Walipopita mwendo wa kilomita 60 kwa saa, sauti ikaanza mbele yao, ya chini na isiyokatika, kama ya nyuki ndani ya mzinga wa gogo.

"Mjomba, hizo ni tairi," kijana akasema. "Tairi za pikapu hulia."

Mwalimu hakubishana naye. Walipofika mahali peupe pasipo gari jingine alipunguza mwendo, akaupinda usukani kushoto kidogo, kisha kulia kidogo. Gari likielekea kushoto, nyuki walizidi. Likielekea kulia, walinyamaza. Maana yake si ngumu: gari likikata kushoto, uzito hulalia upande wa kulia, basi beringi iliyokuwa ikilia ni ya kulia. Tairi iliyolika hulia namna moja tu, hata usukani upindwe vipi. Walipofika nyumbani aligusa habu mbili za mbele kwa ncha za vidole, taratibu, maana yaweza kuunguza. Ya kushoto ilikuwa na joto la kawaida. Juu ya ile ya kulia mkono haukukaa.

Ilikuwa siku ya Jumapili. Siku ya Alhamisi mke wake alikuwa na miadi hospitalini Wote, miadi ambayo haikuwa ya kuahirishwa. Kijana alishauri pikapu ipelekwe kwa fundi mjini. Lakini mji ulikuwa mbali, na njia yateremka mlima wenye kona nyingi ambako watoto wa shule hutembea kando asubuhi na jioni. Beringi iliyofikia hatua ya kuchoma vidole yaweza kushikana kabisa, ikausaga mhimili, na gurudumu likaondoka lenyewe na kwenda lipendako. Watu wengi hudhani kwamba kutengeneza gari nyumbani ni ubahili. Kwa mwalimu huyu safari ya kwenda kwa fundi ndiyo iliyokuwa hatari.

Kabla ya kununua kitu alitaka kuwa na hakika. Aliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma, akalegeza nati za tairi lingali chini, kisha akainua gari kwa jeki iliyokaa juu ya ubao mpana, kwa kuwa udongo wa pale ni wa kichanga na jeki huzama. Chini ya chesisi akasimamisha vigoda viwili vya chuma. Jambo hili lataka kusemwa kwa nguvu: jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Wako waliokufa kwa kulala chini ya gari lililosimama juu ya jeki peke yake, na jeki hiyo siku zote ilikuwa "nzuri tu".

Akashika tairi juu na chini, akalitikisa. Lilicheza. Akamwita mpwa wake akanyage breki, akatikisa tena, mchezo ukaisha. Hapo ndipo alipojua. Breki ikikanyagwa hufunga habu na mhimili pamoja, na mchezo wa beringi hufichika. Kama mchezo ungalibaki, lawama ingaliziangukia bolijointi. Tairi lililoshikwa kushoto na kulia likacheza, mara nyingi shida ni ya viungo vya usukani. Ni jaribio la dakika mbili tu, na wengi wamebadilishiwa beringi nzima kwa kuwa halikufanywa.

Jumatatu kijana alitumwa Nairobi, barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado waiita Grogan, penye maduka ya spea yaliyobanana kama punje za mahindi. Alipewa namba ya chesisi na maagizo: beringi ya ndani na ya nje, kila moja na kikombe chake, sili mpya, na pini mpya ya kufungia nati. Aliambiwa afungue kila boksi mbele ya muuzaji na kulinganisha namba iliyochorwa juu ya chuma na ile ya boksi. Kama maandishi yamepindapinda, au bei ni ya chini kiasi cha kushangaza, aondoke. Kenya ina sheria dhidi ya bidhaa za bandia tangu mwaka 2008, lakini sheria haikai ndani ya kila duka. Duka la kwanza lilimwonyesha beringi yenye jina kubwa na herufi moja iliyokosewa. Kijana akashukuru, akatoka.

Jumanne asubuhi kazi ikaanza. Mwalimu alitandika gunia safi chini ya mwembe, akaweka sufuria kuukuu yenye mafuta ya taa, vitambaa visivyotoa nyuzi, na kopo la grisi lenye kifuniko. Upepo ulipovuma alilifunika kopo. Kijana alicheka. Lakini beringi ni kitu cha ajabu: hubeba uzito wa gari zima miaka na miaka, na punje chache za mchanga zilizoingia siku ya kufungwa zaweza kuimaliza kabla ya mavuno. Usafi katika kazi hii ni sawa na spana; asiye nao hana chombo.

Waliondoa tairi, kisha kalipa ya breki kwa kufungua bolti zake mbili. Kalipa haikuachwa ining'inie kwa mpira wake wa breki, ambao ungeweza kupasuka kwa ndani bila kuonekana. Ilifungwa kwa waya kwenye springi. Kifuniko cha habu kikang'olewa, pini ikanyooshwa na kuvutwa, nati ikafunguliwa. Habu ilipovutwa mbele, beringi ya nje ikaanguka mkononi. Sili ikabanduliwa, beringi ya ndani ikatoka. Grisi yake ilikuwa rangi ya maziwa, na rangi hiyo ndiyo alama ya maji. Ilipooshwa, vipipa vitatu vilikuwa na mabaka yaliyobanduka, na ndani ya kikombe kulikuwa na rangi ya samawati, rangi ya chuma kilichopikwa.

Kikombe cha beringi ya nje kilionekana kizima. "Mjomba, hiki tusikisumbue," kijana akasema. "Kimekaa vizuri."

"Kimezoeana na vipipa vya zamani, kijana wangu. Vipya havitamjua."

Basi vikombe vyote viwili vikatolewa. Hapa pana kazi. Vikombe hukaa ndani ya habu kwa kubanwa, na hutolewa kwa kugongwa kutoka nyuma, kupitia nafasi mbili zilizoachwa kwa makusudi hayo. Mwalimu alitumia pande la shaba, kwa sababu shaba ni laini na haikwaruzi; tena chuma kigumu kikigongwa kwa nyundo ya chuma hurusha vipande vinavyoweza kutoboa jicho. Wote wawili walivaa miwani. Aligonga upande huu kidogo, upande ule kidogo, kwa zamu, ili kikombe kisiende mshazari. Kuingiza vipya alitumia hila ya zamani: kikombe kikuukuu kilinolewa nje kwa jiwe la kunolea mpaka kikapwaya kidogo ndani ya habu, kisha kikawekwa juu ya kile kipya na kugongwa. Hivyo nyundo haikukigusa kikombe kipya hata mara moja. Kila pigo lilitoa sauti butu, mpaka ghafula sauti ikabadilika, ikawa kali na ya kujaa. Kikombe kimefika mwisho wake. Baada ya hapo hapagongwi tena.

Kisha grisi. Mwalimu alinawa mikono kwa sabuni kama mtu anayekwenda kula, akaweka donge la grisi katika kiganja cha kushoto, akaishika beringi kwa mkono wa kulia na kuisukuma ndani ya donge kwa ukingo wake mpana, tena na tena, mpaka grisi ikachomoza upande wa pili kati ya vipipa. Akazungusha kidogo, akaendelea, mpaka duara lote likajaa. Kupaka kwa nje tu ni kujidanganya. Habu yenyewe hakuijaza pomoni, kwa maana grisi ikizidi hupata joto na kutafuta njia ya kutokea, na njia iliyo karibu ni kwenye breki. Alitumia grisi iliyoandikwa kwamba yafaa magurudumu yenye breki za diski, na ile ya zamani yote iliondolewa, kwa kuwa ziko grisi ambazo zikichanganywa huharibiana na kuwa kama uji.

Sehemu ya mwisho ndiyo watu wanayoiharibu, tena kwa nia njema. Fundi asiyejua huikaza nati ya katikati kwa nguvu zake zote, akidhani gurudumu ni kama nguzo ya ua. Beringi ya vipipa haitaki hivyo. Ikikazwa mno hupika grisi yake yenyewe. Ikilegezwa mno gurudumu huyumba na vipipa hugongagonga vikombe. Mwalimu aliikaza nati kwa spana huku kijana akiizungusha habu kwa mkono, ili vipipa vipate makao yao. Kisha akailegeza kabisa. Kisha akaikaza tena kwa vidole peke yake, akasikiliza kwa mkono, akaongeza kidogo sana mpaka tundu la pini likalingana. Habu ikazunguka bila kusita, na iliposhikwa juu na chini haikucheza. Akatia pini mpya na kuikunja miguu. Diski ikaoshwa kwa maji ya sabuni na kukaushwa kabla kalipa haijarudishwa, na kabla gari halijasogea hata hatua moja akakanyaga breki mara kadhaa mpaka ikawa ngumu. Anayesahau jambo hilo hulikumbuka kwenye mteremko.

Gurudumu la kushoto lilifunguliwa pia. Grisi yake ilikuwa nzuri na vipipa vyang'aa. Likaoshwa, likatiwa grisi na sili mpya, likafungwa.

Kijana alikuwa amesisimka. Probox yake nayo ilikuwa ikilia mbele, ijapokuwa beringi yake ilibadilishwa mwezi uliopita kando ya njia. "Kesho tufanye yangu, Mjomba. Nyundo tunayo."

"Nyundo ndiyo iliyoiua," mwalimu akasema.

Na hilo lataka maelezo, maana wenye magari madogo ya siku hizi ni wengi kuliko wenye pikapu za zamani. Katika Probox na gari nyingi zinazovutwa na magurudumu ya mbele, beringi si vipande vya kupangwa kwa vidole. Ni pete moja iliyofungwa pande zote, yenye safu mbili za gololi, grisi yake ikiwa imetiwa kiwandani, nayo hushindiliwa kwa nguvu kubwa ndani ya pande la chuma linaloshika gurudumu. Pete hiyo ina ukuta wa nje na ukuta wa ndani. Inaposhindiliwa ndani ya pande la chuma, nguvu lazima ipitie ukuta wa nje peke yake. Na habu inapoingizwa katikati yake, ukuta wa ndani lazima uegemezwe. Nguvu ikipitia ukuta usio wake, yapita juu ya gololi, na kila gololi huchimba kishimo katika njia yake. Kishimo hicho hakionekani kwa macho. Lakini gurudumu litaanza kulia baada ya majuma machache, na mwenye gari atalaumu duka, kiwanda na hata barabara, wakati beringi iliuawa kabla haijatembea mita moja.

Kwa hiyo walifanya nusu ya kazi nyumbani na nusu mjini. Jumanne ile ile jioni, beringi mpya ikiwa imekwisha kununuliwa, walifungua nati kubwa ya katikati gari lingali chini, wakatia alama kwa msumari mahali bolti za mguu zilipokaa ili zirudi pale pale, wakalitoa pande lote la chuma pamoja na habu yake. Kununua kwanza kulikuwa na sababu: habu ikitolewa ndani ya beringi ya namna hii, mara nyingi huondoka na sehemu ya ukuta wa ndani, na beringi hiyo haifai tena. Asubuhi kijana alilifunga pande lile katika gunia, akapanda matatu mpaka karakana moja ya mjini yenye presi ya mafuta. Alisimama pale pale akitazama. Fundi alipotaka kushindilia kupitia ukuta wa ndani alimsihi kwa adabu abadilishe pete ya kusukumia, na fundi, baada ya kumtazama kidogo, akakubali. Adhuhuri alikuwa amerudi.

Nati kubwa ya gari kama hilo hutaka kukazwa kwa zaidi ya nyutoni-mita 200. Mwenye spana ya kupimia nguvu apime. Asiye nayo aweza kukadiria ya kwamba ni kama uzito wa mtu wa kilo 70 akiegemea mpini mahali palipo sentimita 30 kutoka kwenye nati. Kipimo hicho si cha kutegemewa kwa safari ndefu, na kijana aliambiwa akapimiwe sawasawa karakana mara ya kwanza apitapo. Nati hii haifanani hata kidogo na ile ya pikapu. Moja hukazwa kwa vidole, nyingine kwa mwili mzima, na anayezichanganya atazika beringi zote mbili.

Siku ya Alhamisi pikapu iliteremka mlima alfajiri. Mwalimu aliendesha polepole, dirisha likiwa wazi, na mke wake akamwuliza mbona hasemi. Alikuwa akisikiliza. Kulikuwa na sauti ya tairi na ya upepo; nyuki hawakuwapo. Walipofika Wote, kabla ya kuingia hospitalini, aligusa habu ya kulia, kisha ya kushoto. Joto lilikuwa moja. Jioni, baada ya kilomita zipatazo 80, alizikaza tena nati za tairi kwa msalaba, moja na ile inayoikabili, kwa maana tairi lililofungwa upya hujiweka sawa na kuzilegeza.

Kikombe kile kilichonolewa hakikutupwa. Kimefungwa ndani ya kitambaa chenye mafuta pamoja na pande la shaba, kwa ajili ya gurudumu la kushoto, ambalo litafunguliwa tena mvua za Novemba zitakapokwisha na mchanga wa Thwake utakapokauka.